Mchoro mzuri, ila haushoneki

"Dada, naomba uangalie michoro yangu uniambie ukweli." Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa msomaji mmoja Jumanne iliyopita. Ulikuja na picha kumi na moja: wanawake warefu kama milingoti, shingo nyembamba, macho nusu yamefumbwa, magauni ya miaka ya 1910 na 1920 yakimwagika hadi sakafuni, vilemba vya hariri vyenye unyoya mmoja uliosimama wima. Anasema ana miaka ishirini na miwili, anataka kuwa mbunifu wa maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na kwamba shida yake ni mistari. Mkono wake bado mzito. Je, anunue kalamu gani?

Nilicheka. Si kwa dharau, ni kwa sababu ningeweza kuapa kwamba michoro ile niliichora mimi, miaka tisa iliyopita, nikiwa na umri uleule na swali lilelile la kalamu.

Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa bado naelea angani. Tamthilia niliyoibunia maleba ilikuwa imefunguliwa Ijumaa iliyotangulia, na pazia la sehemu ya pili lilipoinuka, mhusika mkuu akatokea na gauni la mwaka 1895 lenye mikono iliyofura kama mito ya kulalia, nikasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa karibu na mlango wa kutokea na, siwafichi, nililia. Kwa hiyo niwieni radhi nikijisifu kidogo leo. Gauni lile nimelisotea.

Lakini kabla ya gauni lile kulikuwa na jingine, na hilo ndilo ninalotaka kulisimulia.

Kikundi kimoja cha maigizo, sitakitaja, kilinipa kazi yangu ya kwanza: tamthilia inayotokea Paris mwaka 1912. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Miaka ile ndiyo niliyokuwa nikiiota. Nilikuwa nimejaza simu yangu kurasa za Gazette du Bon Ton, lile jarida la mitindo la Lucien Vogel lililoanza mwaka huohuo wa 1912, na nilikuwa nimekariri jinsi mchoraji George Barbier anavyokunja kiganja cha mwanamke na jinsi mwenzake Georges Lepape anavyoacha nusu ya karatasi tupu ili gauni lipate pa kupumulia. Nikajifungia ndani majuma matatu. Nilichora wahusika kumi na wanne, kila mmoja kwenye karatasi nzito, rangi za gwashi, ile rangi nzito ya maji, bapa kabisa bila kivuli, mstari mwembamba mweusi pembezoni. Mwongozaji alipoziona aliinuka kitini. Akazipanga sakafuni, akaita watu waje waone. Nakumbuka nilirudi nyumbani nikiwa siioni barabara.

Kisha michoro ikapelekwa kwa fundi.

Fundi alikuwa mzee mkimya, ameshona maleba kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alichukua karatasi ya kwanza, akaitazama, akaigeuza upande wa pili. Nilidhani anatafuta sahihi yangu.

"Mgongo uko wapi?" akauliza.

Sikuelewa.

"Mwanangu, hili gauni linafungwa wapi?"

"Kwa vifungo."

"Vifungo viko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ambako hukuchora." Akairudisha karatasi mezani taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha mwenyewe. "Mchoro wako ni mzuri kutundika ukutani. Ila haushoneki."

Niliudhika vibaya sana. Na hapa nakiri jambo ambalo sijawahi kuliandika popote: nilikwenda kwa mwongozaji nikamwambia fundi amezeeka, hana jicho la sanaa, ashone tu alichochorewa. Mwongozaji akamwambia. Fundi akashona alichochorewa.

Sketi za mwaka ule, mnazijua, zilibana chini. Mtindo huo ulivuma karibu mwaka 1910, na Paul Poiret, mbunifu wa mitindo wa Paris, alijigamba kwamba alikifungua kifua cha wanawake, ila akaifunga miguu yao pingu. Nilizichora zikiwa zimebana kama ala ya kisu, maana kwenye picha zinapendeza hivyo. Kile ambacho picha hazikuniambia ni kwamba sketi nyingi za aina hiyo zilikuwa na mpasuko au rinda lililofichwa, ili mwenye nguo aweze kupanda ngazi. Jukwaa letu lilikuwa na ngazi tatu. Kwenye zoezi la mwisho la mavazi mwigizaji mkuu alipanda ya kwanza kwa adabu, ya pili kwa kurukaruka, na ya tatu hakuifikia. Alitua kwa magoti. Mshono ulipasuka kutoka pindoni hadi pajani kwa sauti ambayo bado naisikia nikiwa usingizini.

Nikaondolewa. Kwa upole, kwa maneno ya "tutashirikiana siku nyingine", lakini niliondolewa. Michoro yangu haikurudishwa. Nilipolipa kiingilio kama mtu baki na kwenda kutazama onyesho, niliona vilemba vyangu, niliona ile rangi yangu ya chungwa iliyopakana na zambarau, niliona lile koti la mikono ya popo. Sketi zilikuwa zimepanuliwa, basi. Kwenye karatasi ya majina ya washiriki, mbele ya neno "maleba" kulikuwa na jina la mtu mwingine. Nililisoma mara tatu, kana kwamba lingebadilika. Miaka tisa imepita na nikikutana na mtu aliyekuwa kwenye kikundi kile, bado navuka barabara.

Miaka miwili iliyofuata nairuka. Nilikuwa napiga pasi nguo za watu nyuma ya jukwaa na kunung'unika. Haina hadithi.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba nilirudi kwa yule fundi kuomba radhi. Hakunihubiria. Alinipa kiwembe na fulushi la nguo kuukuu, akaniambia: "Fumua." Basi. Nilifumua kwa miezi. Hapo ndipo nilipoanza kujua kuchora, na hapo ndipo ningependa msomaji wangu aanzie, badala ya dukani kwenye kalamu.

Kwanza ilinibidi nikubali kwamba picha zile nilizozipenda zilikuwa zikinidanganya, na zilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Poiret alipomwajiri Paul Iribe mwaka 1908 amchoree albamu ya magauni yake, na mwaka 1911 akamwajiri Lepape kwa nyingine, hakuwa anatafuta maelekezo ya kushonea. Mafundi wake walikuwa na nguo zenyewe mezani. Alikuwa anauza ndoto kwa wanunuzi. Ndiyo maana zikachapwa kwa njia ya gharama kubwa: kila rangi ilikuwa na stensili yake ya bati jembamba lililotobolewa, na mtu alipitisha brashi ya gwashi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Ule ubapa wa rangi niliouiga nikidhani ni siri ya macho ya Wafaransa ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, tabia ya stensili. Nilicheka nilipogundua. Nilikuwa nimeiga bati.

Urefu nao ni hivyohivyo. Mwili wa binadamu wa kawaida, ukiupima kwa kichwa chake mwenyewe, hupata vichwa saba au saba na nusu kutoka utosini hadi kisiginoni. Mchoro wa mitindo huwa vichwa tisa, kumi, wengine hufika kumi na viwili bila haya. Miguu ndiyo inayorefushwa. Kwa tangazo, sawa. Lakini ukimchora mwigizaji wako kwa vichwa kumi, umemnyoosha mwanamke ambaye hayupo. Pambo uliloliweka "juu kidogo ya goti" litaangukia wapi kwa mwanamke halisi mwenye vichwa saba? Katikati ya ugoko. Mwigizaji wangu wa kwanza alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mwenye sauti ya kutetemesha madirisha. Sikumchora hata mara moja. Nilichora mwanamke wa Barbier nikamwandikia jina lake chini.

Basi sasa nafanya hivi, na sijui njia nyingine: napiga picha ya mwigizaji amesimama, mbele, ubavu na mgongo, na nachora juu ya umbo lake. Wengine huona ni ukosefu wa heshima kwa sanaa. Waache waone.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la kwanza: chora kinachovaliwa ndani kabla ya kuchora kinachoonekana. Nguo za zamani zimesimamishwa na vitu visivyoonekana. Ukitazama mwanamke wa 1860 na yule wa 1905 utadhani Mungu alibadilisha mfano. Mwili ni uleule. Yule wa 1860 amevaa krinolini, tundu la pete za chuma chepesi lililoanza kuuzwa mwaka 1856, ambalo kwa kweli lilimpunguzia mzigo wa magagulo mengi. Yule wa 1905 amevaa koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, iliyonyooka mbele, inayosukuma kifua mbele na makalio nyuma mpaka ubavu wake unakuwa kama herufi S. Ukichora gauni bila kujua kuna nini chini yake, utachora pazia.

Na usichukulie kwamba miaka mitano si kitu. Ule mto wa nyuma uliobeba sketi ulikuja mara mbili: miaka ya mwanzo ya 1870 ukiwa laini, nguo ikitiririka kama maji kutoka juu yake, ukapotea kabisa karibu mwaka 1878, sketi zikabana kama soksi, ukarudi mwaka 1883 ukiwa umechongoka, umesimama nyuma kama rafu ya vitabu. Nimeona tamthilia ya 1880 ikiwa na rafu ile. Watazamaji wengi hawakujua. Mimi nilijua, na jioni yangu ikaharibika. (Ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo. Mume wangu hukataa kukaa karibu nami ukumbini.)

Mikono pia. Mikono iliyofura ilitamba miaka ya mwanzo ya 1830 ikanywea ghafla mwaka 1836, kisha ikafura tena na kufikia kilele karibu 1895. Mtu akikuonyesha picha isiyo na tarehe akakuuliza ni ipi, tazama mahali ilipojaa. Ile ya 1830 huanza chini ya bega na kujaa kwenye msuli wa mkono, na sketi yake imejaa marinda. Ile ya 1895 hujaa juu begani kabisa, na sketi yake imekatwa vipande vipande ikatulia kiunoni bila rinda mbele, ikatanuka chini kama kengele. Hilo nililijua kwa kufumua na kutazama, hakuna kalamu iliyonifundisha.

Gauni langu la Ijumaa, lile la kuvuta pumzi, lilitugharimu mikono minne. Miwili ya kwanza ilikuwa mizuri kwenye karatasi na ikaanguka kama puto lililotobolewa mwigizaji alipoinua mkono. Tukatia bitana ngumu, ikasimama, lakini ikapiga kelele kama karatasi kila alipogeuka, na mwongozaji wa safari hii, ambaye ni mtu mwema, akashika kichwa. Mwishowe tuliweka ndani marinda ya neti, yameshonwa kwenye bitana ya pamba, hayagusi kitambaa cha nje. Kimya. Kisha ikagundulika kwamba waigizaji wawili wenye mikono ile hawapitani mlangoni. Badala ya kupunguza mikono tuliiacha, na wakatengeneza kichekesho hapohapo: wanakaribishana kupita, hakuna anayepita. Hicho ndicho kicheko kikubwa cha sehemu ya kwanza. Gazeti moja lilikisifu kama wazo la mwongozaji, nami sikusema kitu, ingawa mnaona nasema sasa.

Nimesema mwongozaji ni mtu mwema. Narudia, jina langu liko kwenye karatasi ya majina. Nilikagua kabla haijachapwa.

Turudi kwenye kazi. Watu huniuliza kama kuchora bado kuna maana wakati kila kitu kinapigwa picha. Swali hili ni la zamani kuliko sisi. Jarida la Vogue liliweka picha ya kamera yenye rangi kwenye jalada lake kwa mara ya kwanza Julai 1932, kazi ya Edward Steichen, na tangu hapo wachoraji wakaanza kusogezwa pembeni, polepole. Lakini hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbunifu Christian Dior alipoonyesha mkusanyiko wake wa kwanza tarehe 12 Februari 1947, ni mchoraji René Gruau na wino wake mzito mweusi waliompa sura ya matangazo. Gruau anachora kiuno kwa mstari mmoja na kuacha mwingine usiwepo, jicho lako linaumaliza. Nampenda mpaka basi. Hata hivyo, lile koti maarufu la siku ile lilikuwa na makalio yaliyojazwa kwa ndani na kiuno kilichobanwa ndani ya ushonaji wenyewe, na mstari wa Gruau hauwezi kukueleza lolote kuhusu hilo. Michoro ya aina mbili, kazi mbili. Mmoja unamshawishi anayetazama, mwingine unazungumza na anayekata kitambaa. Walioweza yote mawili ni wachache. Erté, ambaye jina lake ni herufi R na T zikitamkwa Kifaransa, alichorea jarida la Harper's Bazaar kwa zaidi ya miaka ishirini kuanzia 1915 na papo hapo akabuni mavazi ya majukwaa ya Paris. Léon Bakst naye. Michoro yake ya maleba ya Ballets Russes, kampuni ya wacheza baleti, inakuonyesha mchezaji akiwa tayari anazunguka, kitambaa kimeruka, huwezi kusahau kwamba nguo ile itacheza. Mavazi yenyewe ya kampuni ile yapo kwenye makumbusho, na ukipata nafasi kayatazame kwa karibu: rangi imepakwa kwa brashi juu ya kitambaa, viraka vya maumbo vimeshonewa juu, mikubwa, bila unyenyekevu, kwa sababu mtu wa safu ya mwisho naye amelipa kiingilio.

Kuhusu rangi nitasema kidogo. Taa huamua. Vazi la kijani chini ya taa nyekundu ni jeusi, hakuna mjadala. Kwenye filamu za mwanzo kabisa za bila sauti nyekundu ilitoka nyeusi na buluu ikatoka nyeupe, kwa kuwa utepe wa filamu haukuihisi nyekundu, na wabunifu wa wakati ule walilazimika kufikiri kwa rangi zisizokuwepo. Na ukiiga rangi kutoka kwenye picha za mitindo za karne ya 19 kumbuka kwamba zilipakwa kwa mkono baada ya kuchapwa, nakala mbili za ukurasa uleule zinaweza kuwa na gauni la buluu na gauni la waridi. Usigombane na mtu kuhusu "rangi sahihi" kwa ushahidi wa nakala moja. Niligombana. Nilishindwa.

Kilichonisaidia kuliko vyote, baada ya kufumua, ni wanasesere. Madeleine Vionnet, yule aliyekata hariri kwa mshazari mpaka ikaushika mwili bila kubanwa, alibuni magauni yake kwa kuzungushia kitambaa kwenye sanamu ndogo ya mbao, kisha yakakuzwa. Na mwaka 1945, Paris ikiwa haina vitambaa vya kutosha, nyumba za mitindo zilivalisha wanasesere wa waya wenye urefu wa sentimita 70 hivi, nguo kamili, vifungo vinavyofunguka kweli, viatu, mikoba, wakaonyeshwa kwa umma kwenye jengo la Louvre. Nilipoona picha zao nilienda moja kwa moja kutafuta waya. Wa kwanza wangu anafanana na kuku aliyenyonyoka. Lakini kwenye mwanasesere huwezi kukwepa mgongo. Ukimvalisha, mgongo unao. Ukitaka kumvua, lazima ujue pa kufungulia. Kipande cha shuka kuukuu, pini, na jioni mbili. Utajua makosa ambayo karatasi ingekuficha mwezi mzima.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chora mgongo. Chora mahali nguo inapofungwa. Andika pembeni kitambaa gani, bandika kipande chake kama unacho. Andika mwigizaji anakaa kwenye nini, anabeba nini, ana dakika ngapi za kubadilisha. Ikiwa ni dakika moja, vifungo ishirini vya mbele viwe pambo na chini yake pawe na zipu, hata kama ni mwaka 1895 na zipu haijapata hata jina. Hiyo si dhambi. Dhambi ni watazamaji kuiona. Na chora mgongo. Najua nimeshasema.

Halafu kuna jambo la sahihi, na hapa nitapandisha sauti kidogo.

Mnamjua Edith Head. Tuzo nane za Oscar, aliteuliwa mara thelathini na tano, hakuna mbunifu wa maleba aliyemfikia. Miaka ya 1920 alikuwa mwalimu wa lugha anayesomea uchoraji jioni. Akaomba kazi ya kuchora kwenye studio kubwa ya filamu, na mkoba wa michoro aliokwenda nao kwenye usaili ulikuwa na michoro ya wanafunzi wenzake. Alikuja kukiri mwenyewe. Akaajiriwa, akajifunza akiwa humohumo, akafika alikofika. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho cha kutia moyo: ona, jasiri haachi asili! Mimi kila nikikisikia nawaza wale wenzake. Waliambiwa? Mmoja wao alikaa sinema miaka ishirini baadaye akatazama majina yakipanda kwenye skrini akatabasamu, au alivuka barabara? Simchukii Edith Head. Nikikwama kwenye kola huenda kutazama kola zake, kwa kuwa alikuwa anaelewa mwigizaji mwenye makalio mapana au mabega yaliyoshuka kuliko sisi sote. Lakini sicheki.

Basi tia sahihi. Tia tarehe. Piga picha kila karatasi kabla haijatoka mikononi mwako. Mkataba uandikwe kabla ya penseli kugusa karatasi, na useme michoro ni ya nani mkiachana. Usione haya kuuliza jina lako litaandikwa wapi. Watakwambia unajali majina kuliko sanaa. Wanaosema hivyo, chunguza, majina yao huwa yako juu kabisa. Ninyi vijana mnarusha kazi zenu mitandaoni usiku wa manane, bila alama, mnahesabu mioyo, kisha asubuhi mnalia. Mtalia mpaka lini? Kazi ya mikono yako ni yako. Iheshimu kwanza wewe.

Haya, nimemaliza kufoka.

Nilimjibu yule msomaji Jumamosi. Sikumwambia chochote kuhusu mistari, maana mistari yake ni mizuri kuliko yangu ya wakati ule, na hilo pia liliniuma kidogo. Nilimwomba achague gauni moja kati ya yale kumi na moja, lolote, anichoree upande wa nyuma.

Kimya siku mbili. Nikadhani amekasirika kama nilivyokasirika mimi.

Jana usiku picha ikaja. Gauni la jioni, hariri, mwaka 1912 kama alivyoandika, na mgongoni safu ya kulabu ndogondogo kuanzia shingoni hadi chini ya kiuno. Amezichora zote. Nilizihesabu, ziko ishirini na sita. Chini yake, kwa penseli hafifu, ameandika: "Dada, huyu mhusika kwenye hadithi yangu anaishi peke yake. Sasa nani anamfunga?"